Adolf Engler: profesa wa Berlin ambaye jina lake linafuata miti ya kwetu

Ukipita kwenye biro ya mazingira ao kwenye shule ya kilimo, mara nyingine unakuta orodha ya miti imebandikwa ukutani, jina la Kilatini mbele na kifupisho nyuma. Kwa mpafu wameandika: Canarium schweinfurthii Engl. Kwa musizi: Maesopsis eminii Engl. Mtu anaweza kudhani hiyo "Engl." maana yake ni "English", kwamba jina ni la Kiingereza. Hapana. Ni kifupisho cha jina la mtu, Adolf Engler, Mjerumani, profesa wa mimea. Wataalamu waliandika jina lake hivyo ili mtu ajue nani aliyeupa mti ule jina na nani wa kuulizwa kama kuna mabishano.

Engler hakufika Kivu wala Ituri wala Maniema. Safari zake za Afrika zilimpeleka Usambara, katika Tanzania ya leo, na kusini mwa bara. Lakini kwa miaka zaidi ya 30, karibu kila mmea uliokatwa na wasafiri wa Kijerumani katikati ya Afrika ulifika mezani kwake ama kwa wasaidizi wake. Ndiyo maana historia yake inatuhusu, pamoja na mambo yake mazuri na yale ya kukasirisha.

Kutoka Sagan mpaka kiti cha Berlin

Jina lake kamili ni Heinrich Gustav Adolf Engler. Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa tatu mwaka 1844 katika mji mdogo wa Sagan, jimbo la Silesia. Wakati ule ilikuwa inchi ya Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Żagań. Alisoma universite ya Breslau, ambayo nayo leo iko Poland kwa jina la Wrocław, na mwaka 1866 akapata udaktari wake. Kazi aliyoandika ilikuwa juu ya Saxifraga, mimea midogo inayoota kati ya mawe kwenye milima ya baridi ya Ulaya. Jambo hilo lina uzito: tangu ujana wake kichwa chake kilikuwa kwenye milima, na baadaye milima ndiyo ilimfanya aangalie Afrika kwa jicho lingine.

Alifundisha shule kwa miaka michache. Mwaka 1871 akaitwa München kutunza mimea mikavu ya serikali. Kazi ya namna hiyo haina sifa nyingi: kufungua mafurushi, kusoma etiketi, kulinganisha jani na jani, kuandika. Lakini ndipo alipojifunza ufundi wake. Mwaka 1878 akawa profesa Kiel, kaskazini. Mwaka 1884 akarudi Breslau kama profesa na mkubwa wa bustani ya mimea, mahali pa mwalimu wake Göppert. Na mwaka 1889 akapewa kiti kikubwa kuliko vyote, uongozi wa Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Mimea ya Berlin. Alikaa pale mpaka mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 77.

Mpafu ulipata jina lake la Kilatini kabla ya hapo, mwaka 1883, Engler akiwa angali Kiel. Alikuwa anaandika juu ya jamaa nzima ya miti yenye utomvu wa kunukia, ile inayotoa ubani na manemane. Mezani kwake kulikuwa na matawi ya msafiri Georg Schweinfurth, ambaye mwaka 1870 alifika kwa Wamangbetu, upande wa Uele, kwenye makao ya mfalme Mbunza. Mti ukaitwa schweinfurthii kwa heshima ya huyo msafiri. Watu wa Maniema na Uele walikuwa wanajua mti huo siku nyingi: wanalainisha matunda yake meusi katika maji ya moto, wanatoa mafuta, na wanawashia moto kwa utomvu wake mweupe. Hilo halikuingia katika jina.

Musizi una habari kama hiyo. Engler aliupa jina mwaka 1895, eminii, kwa kumkumbuka Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria na ambaye aliuawa katika inchi yetu mwaka 1892. Mwenzake wa safari, daktari Franz Stuhlmann, ndiye aliyekuwa anakusanya mimea. Mwezi wa sita mwaka 1891 Stuhlmann alipanda Ruwenzori kwa upande wa magharibi, kupitia bonde la Butawu, katika teritware ya Beni ya leo, akafika juu ya mita 4.000. Hakufika kwenye theluji, lakini alishuka na mimea. Miaka mitatu nyuma yake, 1894, von Götzen akapanda Nyiragongo. Kisha 1907 na 1908 ikaja safari kubwa ya mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na ndani yake kijana wa Berlin, Johannes Mildbraed, mtu wa shule ya Engler, kazi yake ikiwa mimea peke yake. Walipita Rwanda, volkano za Virunga, Beni, Ruwenzori na pori la Ituri, wakatokea Boma kwenye mdomo wa mto.

Namna mmea ulivyosafiri

Tuseme jambo hili polepole, kwa sababu ndilo watu wengi hawalijui. Mtaalamu hawezi kutoa jina jipya kwa kusema tu "nimeona mti". Lazima kuwe na kipande cha mti wenyewe: tawi lenye majani na maua, ikiwezekana na tunda. Kinabanwa kati ya karatasi, kinakaushwa, kinashonwa ama kugundishwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni inawekwa etiketi: mahali, tarehe, urefu wa mlima, jina la aliyekata, na mara nyingine jina la wenyeji. Ghala la makaratasi hayo linaitwa herbariumu. Karatasi moja ikichaguliwa kuwa msingi wa jina, ndiyo inakuwa shahidi. Miaka 100 baadaye mtu akibisha, wanarudi kwenye karatasi ile.

Sasa fikiria kukausha jani katika pori la Ituri wakati wa mvua. Karatasi inashika maji, majani yanaoza na kuwa meusi, wadudu wanaingia. Lazima kuwasha moto kila usiku, kugeuza karatasi, kubadilisha zilizolowa, kufunga tena, na kesho asubuhi mzigo unapanda kichwani mwa mtu. Msafara wa Mecklenburg ulikuwa na wabebaji kwa mamia. Nani alipanda mti mrefu kukata ua? Nani alionyesha njia ya bonde la Butawu? Etiketi inasema "Stuhlmann", inasema "Mildbraed". Watu hao wengine hawana mti hata mmoja wenye jina lao. Engler hakuanzisha desturi hiyo, kila mtu wa Ulaya alifanya vile, Wabelgiji pia. Lakini aliifuata bila kuuliza, na mtu anayemsifu leo asiruke jambo hilo.

Na kazi haikuwa ya elimu tu. Tangu 1891 kulikuwa Berlin, chini ya bustani ya Engler, kituo cha mimea kwa ajili ya makoloni. Mimea iliyokusanywa kwa feza ya serikali ilipaswa kufika Berlin kwanza. Na kutoka Berlin zilirudi mbegu na miche ya mimea ya faida kwa mashamba ya wakoloni. Engler alipita Usambara mwaka 1902, mwaka uleule taasisi ya kilimo ya Amani ilipoanzishwa. Pale Amani walipanda miti ya majaribio kutoka pande zote. Mmoja wao ulikuwa musizi. Ulipenda kule kupita kiasi: ukaingia katika msitu wa asili wa Usambara ya Mashariki na mpaka leo walinzi wa msitu wanauhesabu kama mvamizi. Mti uleule ambao kwetu mtu anaupanda kwa mbao na kivuli.

Milima inayofanana

Kama kuna wazo moja la Engler ambalo mkaaji wa Goma ama wa Kasindi anaweza kuliona kwa macho yake, ni hili. Mwaka 1892 alitoa kitabu juu ya mimea ya milima mirefu ya Afrika ya joto. Aliweka pamoja mimea ya Ethiopia, ya Kilimanjaro na ya mlima Kamerun, akaona kitu cha ajabu: milima iko mbali kabisa, kati yake kuna pori la joto ama nyasi kavu, lakini kule juu mimea ni ndugu. Mmea wa juu ya mlima unafanana na wa mlima mwingine ulio kilometa 2.000 mbali kuliko unavyofanana na mmea ulio chini yake, mwendo wa siku moja.

Namna gani? Mbegu ndogo zinabebwa na upepo na ndege. Na zamani hali ya hewa ilibadilika mara nyingi. Wakati wa baridi mimea ya juu ilishuka, ikasogea, na joto liliporudi ikapanda tena na kubaki kama watu kwenye visiwa. Engler alikuwa amekwisha kuandika kati ya 1879 na 1882 kitabu cha kueleza mimea ya dunia kwa historia ya namna hiyo: usiulize tu mmea uko wapi leo, uliza ulipitia wapi. Kwa wakati wake hilo lilikuwa wazo la nguvu.

Mimea iliyotoka kwetu iliingia katika hesabu hiyo. Kati ya ile iliyoletwa na Mildbraed kuna lobelia ya mabwawa ya juu, ambayo Engler aliiita Lobelia mildbraedii. Mti mmoja wa majani makubwa ambao sokwe wa Kahuzi-Biega wanapenda matunda yake ni Myrianthus holstii Engl., kwa jina la Holst, mtunza bustani aliyekusanya mimea Usambara. Mwanzi wenyewe wa Kahuzi na wa Virunga ulipewa jina la kwanza la kitaalamu na Karl Schumann, aliyefanya kazi katika makumbusho hayohayo ya Berlin. Na mti wa afrormosia unaouzwa bei kubwa, Pericopsis elata, jina lake la kwanza lilitoka kwa Hermann Harms, mwingine wa nyumba ya Engler.

Vitabu vya kujaza ukuta

Engler alikuwa mpangaji kuliko kitu kingine. Mwaka 1887, pamoja na Karl Prantl, alianza kutoa Die natürlichen Pflanzenfamilien, kazi ya kueleza jamaa zote za mimea ya dunia, kuanzia mwani mpaka alizeti. Prantl alikufa 1893. Engler akaendelea mpaka 1915, akigawia wataalamu wengi kila mmoja jamaa yake. Mwaka 1900 akaanzisha nyingine kubwa zaidi, Das Pflanzenreich, ambayo haijapata kumalizika. Juu ya Afrika peke yake kuna Die Pflanzenwelt Ost-Afrikas ya 1895 na Die Pflanzenwelt Afrikas, iliyotoka kati ya 1908 na 1925. Jarida lake, Botanische Jahrbücher, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1880, na humo ndimo majina mengi ya mimea ya Afrika yalitangazwa.

Mpango wake wa jamaa za mimea ulitawala makumbusho duniani kote. Herbariumu nyingi zilipanga makabati yao kwa namba zilizotokana na mpango huo, na wanafunzi wa inchi nyingi waliukariri bila kumjua mwenyewe.

Lakini mpango ulikuwa na kosa katikati yake. Engler aliona kwamba ua lisilo na petali, dogo, la kupeperushwa na upepo, ni ua rahisi, na akaweka mimea yenye maua hayo mwanzoni. Filao, ule mti wenye majani kama sindano, aliuweka wa kwanza kabisa kati ya mimea yenye majani mawili ya mbegu. Watu wa Marekani kama Charles Bessey walimbishia: rahisi si lazima kuwe kwa zamani, mara nyingine mmea ulikuwa na petali ukazipoteza. Mtu aliyevua viatu si mtu ambaye hakuwahi kuwa navyo. Uchunguzi wa chembe za urithi wa siku hizi umewapa haki wale waliobisha: filao haiko mwanzoni. Na mimea ya jani moja la mbegu, kama migomba na mahindi, ambayo Engler aliitanguliza, nayo si mizazi ya mingine. Mwenyewe alikuwa amesema kwamba mpango wake unasaidia kupanga kuliko kuonyesha ukoo wa kweli, lakini wafuasi wake hawakusikia sana sehemu hiyo.

Bustani ya Dahlem, na moto

Alipofika Berlin, bustani ilikuwa Schöneberg, na mji ulikuwa unaizunguka kwa nyumba na moshi. Engler alisukuma ihamishwe Dahlem, wakati ule bado mashambani. Kazi ilianza 1897 na ikaisha 1910. Bustani ina hekta 43 hivi, na Engler aliipanga kijiografia: unatembea kutoka Alps, unaingia Himalaya, unatokea Amerika, kama vile unapita kwenye ramani. Nyumba kubwa ya kioo ya mimea ya joto ilimalizika 1907. Kila mtu wa Berlin aliyetaka kuona mgomba bila kupanda meli alienda pale. Mwaka 1913 chama cha Linnean cha London kilimpa medali yake, na mwaka huohuo, akiwa na miaka 69, alikuwa safarini tena, akipitia kusini-magharibi mwa Afrika.

Kisha vita kubwa ya kwanza ikaondoa makoloni ya Ujerumani. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, na mimea ya upande huu ikaanza kwenda Bruxelles badala ya Berlin. Engler aliendelea kuandika. Alikufa Dahlem tarehe 10 mwezi wa kumi mwaka 1930, na akazikwa ndani ya bustani yenyewe.

Hakuona lililofuata. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 mwezi wa tatu mwaka 1943, mabomu ya ndege yaliangukia makumbusho ya Dahlem. Herbariumu ilikuwa na karatasi karibu milioni 4. Sehemu kubwa iliungua, pamoja na maktaba. Mimea ya Stuhlmann kutoka Ruwenzori, ya Holst, sehemu kubwa ya kazi ya Mildbraed, vyote vilikuwa katika jengo hilo. Mildbraed mwenyewe alikuwa hai, alikufa 1954. Vilivyopona ni vile vilivyokuwa vimeazimwa na makumbusho mengine, ama ambavyo nakala zake zilikuwa zimetumwa Kew, Paris ama Bruxelles.

Hasara hiyo inagusa biashara na sheria mpaka leo. Maganda ya Prunus africana kutoka milima ya Kivu na mbao za afrormosia ziko katika orodha ya kimataifa ya CITES. Kibali kinatolewa kwa jina la Kilatini, si kwa jina la sokoni. Aina mbili zikifanana na shahidi wa jina akiwa ameungua, mtaalamu lazima atafute nakala mahali pengine, ama achague shahidi mpya kutoka mahali palepale mmea ulipokatwa. Na mahali penyewe ni hapa: mteremko wa Ruwenzori, pori la Beni, Virunga, pande ambazo kwa sababu ya vita mtafiti hawezi kwenda wiki yoyote anayotaka.

Ndani ya inchi kuna herbariumu ya Yangambi, kule Tshopo, yenye mimea mikavu zaidi ya 100.000, na kuna nyingine Lwiro, Kivu ya Kusini. Nyingi ya karatasi hizo zilikatwa wakati wa Wabelgiji na nakala ziko Meise, karibu na Bruxelles, ambako sasa wanapiga picha za makaratasi na kuziweka kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Bukavu mwenye unganisho zuri anaweza kuona mmea uliotoka Walikale miaka 80 iliyopita bila kuomba visa. Kwa mimea ya Berlin iliyoungua hakuna picha ya kupiga.

Jina lakini halikuungua. Sheria ya majina ya mimea inasema jina linasimama kama lilichapwa kitabuni pamoja na maelezo ya mmea, hata shahidi akipotea. Kwa hiyo mpafu bado ni Canarium schweinfurthii Engl., kama ulivyokuwa mwaka 1883. Schweinfurth, aliyekufa 1925, naye alizikwa katika bustani ya Dahlem, na hivyo majina mawili yanayoandikwa pamoja kwenye mti huo yako pia kwenye makaburi ya bustani moja.